Matanga ya Ethan Brandvold

Kuna watu wanaofuatilia timu za mpira, na kuna wanaofuatilia wanasiasa. Solomon alimfuatilia Ethan Brandvold, mwongozaji wa filamu, na alimfuatilia kwa chuki. Kila filamu mpya ya yule mzee ilipotoka, Solomon alikuwa wa kwanza kukata tiketi pale Alexandria, karibu na Washington, peke yake, hana bisi wala soda mkononi, amekaa safu ya nyuma kama mtu aliyekuja kumfumania mtu. Alizijua zote. Alizijua zile za mwanzo za miji midogo yenye theluji, ambazo wakosoaji walizisifu na hakuna aliyekwenda kuziona. Aliijua ile ya wachimba makaa ya mawe, ile ya askari kipofu, na ile ya mahakama iliyomrudisha jukwaani kuchukua tuzo akiwa mvi tupu. Na katika kila moja, filamu ikielekea ukingoni, kuna mtu alilia. Kilio cha ghafla, kibaya, kisicho na mapambo. Watu ukumbini walitoa vitambaa. Solomon alikunja ngumi gizani akijiuliza, huyu naye aliambiwa nini?

Yeye alijua kilio kile kinapikwaje.

Ukimwona mchana huwezi kumdhania makuu. Anaegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja hukohuko Alexandria. Amevaa koti jekundu, anapokea funguo, anasema karibu bwana, karibu bibi. Ana mke, Wairimu, anayehudumia wazee majumbani mwao, na binti, Chelagat, anayemaliza sekondari, ambaye husikia Kiswahili chote na hujibu chote kwa Kiingereza. Kanisani kwao Hyattsville wanampenda kwa mdomo wake. Mpe maikrofoni na video ya harusi, zima sauti, halafu kaa pembeni: atawatia watu wote maneno mdomoni, kuanzia mchungaji hadi keki, mpaka bibi harusi mwenyewe acheke wanja umchuruzike.

Ndiyo kazi aliyoifanya ujanani, Kapsabet. Kulikuwa na chumba cha mabati cha kuonyeshea video, filamu za Kichina na za Kimarekani, na Solomon mbele na maikrofoni akiwaeleza watu nani anamwambia nani nini, na pale asipoelewa mwenyewe akitunga. Vijana walimwita DJ. Wazee walimwita mwongo. Mama yake alimwita Kiprop.

Nyakati hizo ndipo Brandvold alipofika Nandi na malori yake. Alikuwa tayari jina kubwa, mwenye kofia ya turubai na macho ya buluu yanayokutazama kama bidhaa dukani. Alimsikia Solomon akisimulia, akacheka mpaka akakohoa, akamchukua siku ileile awe kijana wake wa kuwapanga watu kwa kipaza sauti. Solomon alivimba kichwa. Nani asingevimba? Akamwingiza na mama yake, maana palihitajika mwanamke wa kulia kaburini, mama wa kijana aliyekufa.

Mama alilia. Alilia vizuri tu, kwa adabu, kama mama wa kanisa anavyolia akijua anatazamwa. Brandvold hakuridhika. Kila mara kabla ya kupiga picha alitoa kibao kidogo cha mti mfukoni akakigonga kwa vidole, maana kwao kugonga mti hufukuza mkosi, na mtu yule mkubwa aliogopa mikosi kuliko mtoto: usipige mluzi karibu na kamera, usiweke kofia juu ya kiti, usiseme neno la kifo asubuhi. Aligonga, wakapiga, akatikisa kichwa. Wakarudia, akatikisa kichwa.

Asubuhi moja alimtuma Solomon Eldoret kuleta kifaa cha jenereta. Solomon alipotokomea, Brandvold alimwita msaidizi mmoja kutoka Nairobi, akampa maneno ya kusema, naye akaenda kumwambia yule mama: Kiprop amegongwa na lori. Amefia papo hapo.

Kamera mbili zilikuwa zinazunguka.

Solomon alirudi jioni nyuma ya pikapu, kifaa amekipakata, anapiga soga na dereva. Alimkuta mama yake amekaa chini, kitambaa cha kichwa kimechanika, sauti imekwisha, na wanawake wamemshika huku na huku. Mama aliinua macho akamwona. Alitoka mbio. Hakumkimbilia mwanawe, alimkimbia.

Hapo sasa ndipo penye kisa. Katika ukoo wa mama yake, jina lililoliliwa msibani halirudi mdomoni mwa aliyelilia, hata mwenye jina akiwa amesimama mbele yako anakunywa chai. Njia ya kulirudisha ni moja tu. Yule aliyetangaza kifo aje mlangoni, mbele ya watu, aseme: nilisema uongo, fulani yu hai. Msaidizi wa Nairobi alikuja, masikini, akapiga magoti huku analia. Wazee wakamwambia, wewe ulikuwa mdomo tu, na aje mwenye maneno. Mwenye maneno alikuwa ameshapanda ndege.

Solomon alimtafuta. Alipiga simu, akaandika, akatuma watu. Jibu lilikuja mara moja tu, kutoka kwa katibu wake: Bwana Brandvold yuko kwenye shughuli, akipata nafasi atawasiliana nawe. Maneno hayo yalimkaa Solomon kooni kama mwiba wa samaki, na hayakushuka tena.

Tangu hapo mama yake alimwita Solomon, jina la ubatizo, lililokuwa likitumiwa na mwalimu na karani wa hospitali tu. Solomon, umekula? Solomon, funga ng'ombe. Alimpenda vilevile, lakini alimwita kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha. Solomon alipata viza ya bahati nasibu akaja Amerika, akaoa, akazaa, na kwenye simu alikuwa Solomon. Huku nako kila mtu alimwita hivyo, na yeye hakumruhusu yeyote, hata Wairimu, kulitumia lile jingine. Lilikuwa linamngoja mwenyewe. Mwishoni mama alipokuwa hoi, dada mtu alimwekea simu sikioni. Alipumua kwa muda. "Lala salama, Solomon," akasema, akakata kauli.

Na ile filamu ya Nandi? Ilizoa tuzo zote. Uso wa mama ulibandikwa kwenye mabango ya miji ambayo hakuwahi kuisikia. Mabaya zaidi, Brandvold aliufanya mkasa ule kuwa hadithi yake ya mezani. Kila alipohojiwa aliisimulia kwa sauti ya upole: kule milimani, mama akishamlilia mwanawe hawezi kumwita jina tena, hata mwana akirudi mzima. Watu waliguna kwa huruma. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeleta habari za msiba, na yeye hakujisumbua kusema.

Basi mwaka huu Brandvold, ameshapita themanini, akaalikwa Washington kutunukiwa heshima ya maisha yake yote. Ziliandaliwa siku kadhaa za kuonyesha filamu zake, na vijana wawili wenye kamera walimfuata kila aendako, wakitengeneza filamu juu ya kazi yake. Mwandalizi mmoja, mama wa Kimarekani aitwaye Cheryl, mchangamfu kweli, alifika kanisani Hyattsville. Walitaka kuionyesha filamu ya Nandi kwa watu wa Afrika Mashariki, kwenye ukumbi wa jamii kule Langley Park, na msimulizi wa Kiswahili mbele na maikrofoni, kama kule kwao. Bwana Brandvold mwenyewe atahudhuria. Je, kuna mtu anayeweza?

Kanisa zima liligeuka kumtazama Solomon. Solomon akasema ndiyo upesi mno.

"Baba Chela," Wairimu alimwuliza nyumbani, "unapanga nini?"

"Nataka aseme."

"Aseme nini?"

"Kwamba alidanganya na mimi niko hai. Mbele ya watu. Hakuna kingine."

"Na akikataa?"

Solomon aliendelea kukata sukuma wiki. Kisu kiligonga ubao kwa nguvu kuliko mboga ilivyohitaji.

"Nimekuuliza, akikataa?"

"Akikataa, asinilaumu."

"Usini-embarrass mbele ya church, nakuomba. Hao watu ndio watakuja kutuzika."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Nje barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya reli, kwa hiyo kila mtu alifika amechelewa, amekasirika na ana njaa, na mandazi yaliisha kabla ya sala ya kufungua. Wakenya walikaa kushoto, Wakongo na Warundi kulia. Mbele kabisa alikaa mama Séraphine wa Uvira, mwanamke mpana mwenye kitenge cha njano, ambaye ndiye huongoza vilio kwenye misiba yote ya jamii ile, wawe jamaa zake au wasiwe.

Brandvold aliingia na bakora, kamera zikimtangulia kinyumenyume. Alikuwa amepungua. Shingo ilielea ndani ya kola. Solomon alijiandaa kuona jitu, akaona babu, na kwa kitambo moyo wake ulitaka kulegea. Akaukaza. Akamwendea, akainamisha kichwa kama afanyavyo mbele ya wageni wa hoteli, akamwambia kwa Kiingereza yeye ni nani: yule kijana wa Kapsabet, aliyetumwa Eldoret. Mwana wa yule mama.

Mzee uso ulimng'aa. "Yule aliyelia!" akasema. "Mungu wangu. Yule aliyelia."

"Bwana, mama alikufa hajaniita jina langu. Nakuomba kitu kimoja. Kabla filamu haijaanza, uwaambie hawa watu kwamba yale maneno yalikuwa yako na yalikuwa uongo. Nami niko hai. Ni sentensi mbili tu."

Brandvold aliweka mkono begani pake. Kamera zilisogea, naye alijua zimesogea, kwa kuwa aliinua kidevu kidogo upande wa taa.

"Mama yako alikuwa mwigizaji mkubwa," alisema. "Usimpunguzie. Moyoni alijua. Waigizaji wakubwa daima hujua." Akampapasa bega. "Tutazungumza baadaye, Simon."

Akaenda kuketi kiti cha mbele walichomwekea.

Solomon alibaki amesimama. Hata jina la ubatizo amelikosea. Alijua! Mama aliyechana kitambaa, aliyemkimbia mwanawe wa pekee wa kiume kama mzuka, eti alijua. Hasira aliyokuwa ameilea muda wote ule ilimpanda safi na tulivu, na kwa mara ya kwanza akaona wazi la kufanya. Akachukua maikrofoni.

Alianza kwa kuwachekesha. Malori ya filamu yalipopanda kilima alisema, "Aki mcheki huyu jamaa, ameshuka na briefcase kwa matope, anadhani ni downtown hapa!" Vijana wakapiga makofi. Chifu alipohutubia, Solomon alimfanya aombe lifti. Ng'ombe walipopita aliwapa majina ya wazee wa kanisa. Hata Brandvold, asiyeelewa neno, alicheka kwa jinsi ukumbi ulivyocheka, akageuka kuwaangalia watu wake kwa furaha.

Kisha likaja kaburi. Mama yake akaonekana, mkubwa ukutani, amesimama na wanawake wengine, bado hajaambiwa. Solomon aliacha utani. Sauti yake ilishuka.

"Huyu ni mama yangu mzazi," akasema. "Sasa hivi anaigiza. Mwangalieni vizuri, maana hamtamwona tena hivi. Yule kijana anayemkaribia upande wa kulia, amevaa shati la bluu, anaenda kumwambia mimi nimekufa. Si kwa filamu. Ananiua kweli. Mimi niko Eldoret natafuta kifaa cha jenereta."

Ukutani mama alianguka. Kilio kikatoka, Kiprop, Kiprop, na Solomon alikiacha kikae. Halafu akawaeleza yote, kifupi na bila kupamba: jina, mlango, wazee, jibu la katibu, simu ya mwisho. Akawaambia alichoomba leo, na alichojibiwa.

"Alijua, eti," akarudia. "Wamama, mmesikia? Eti alijua."

"Uongo!" akasema mtu upande wa Wakongo.

"Basi mimi pia nina habari ya kuwaletea. Nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, sikutumwa na mtu." Alimnyooshea mkono mzee pale mbele, kwa heshima, kiganja juu. "Huyu baba, Ethan Brandvold, amefariki. Amegongwa na lori leo mchana. Papo hapo. Hana mtu wa kumlilia hapa mjini. Mnamwacha hivihivi?"

Wairimu alifunika uso. Na mama Séraphine, ambaye amezika wanawe kweli na hapendi masihara katika jambo hilo, aliinuka taratibu, akafunga kitenge kiunoni.

"Aliweza kuliza mama ya mutu hivi, kwa cinéma?" akauliza. "Sawa. Na siye tutamulilia."

Akapaza sauti. Wengi mle ndani walikuwa wamemsikia misibani, lakini si vile. Ethan we! Ethan mwana wa nani, umetuacha! Warundi wakampokea, Wakenya wakafuata, na punde ukumbi mzima ulikuwa unalia jina moja, wanawake mikono kichwani, wanaume wakitikisa vichwa. Wengine walilia mambo yao wenyewe, yaliyowapata njiani kuja nchi hii, lakini waliyalia kwa jina lake.

Brandvold alisimama kwa shida. Alisikia jina lake. Aliona machozi. Akaweka mkono kifuani, na machozi yakamtoka yeye pia, akainama kushoto, akainama kulia, huku kamera zote mbili zikimnywa. Hakuwahi kupata kilio kama kile katika filamu zake zote.

Vilio vilipopungua aliomba maikrofoni. Solomon alimpa kwa mikono miwili. Mzee akasema, sauti ikitetemeka, kwamba amepokelewa katika majumba makubwa ya dunia, lakini hajawahi kuheshimiwa hivi. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaisimulia hadithi yake ya mezani: kule milimani, mama akishamlilia mwanawe hawezi kumwita jina tena.

Hakuna aliyeguna. Chelagat alisimama kutoka nyuma. Solomon hakuwa amempanga. Macho yake yalikuwa mekundu, na alisema kwa Kiingereza chake cha Kimarekani, polepole, ili babu yule asipotewe na neno.

"Sir, they weren't crying for her. They were crying for you. My dad told them you're dead."

Hawakumlilia mama, walimlilia yeye, aliyetangazwa amekufa. Mzee alitabasamu bado, kwa kuchelewa. Kisha akageuka kumtazama mama Séraphine aliyekuwa anajipangusa jasho, akawatazama wengine, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtazama usoni. Walimtazama kama atazamwavyo aliyelala kwenye jeneza. Tabasamu likamtoka. Mkono ulikwenda mfukoni, ukapapasa kutafuta kibao, ukatoka mtupu. Akainama akatafuta mti wa kugonga. Viti vilikuwa vya plastiki. Meza ilikuwa ya plastiki. Cheryl alimkimbilia na maji.

Solomon aliwasha taa, akaichukua maikrofoni kwa mzee akaiweka mezani, akatoka na familia yake.

Alikuwa ameshafungua gari waliposikia bakora kwenye lami. Brandvold alikuwa amewaacha watu wake mlangoni, amekuja peke yake, anahema.

"Nilikuwa nafanya kazi tu," alisema. "Ilikuwa kazi."

Solomon alimfungulia Chelagat mlango wa nyuma.

"Naomba ulifute lile neno. Daktari wangu... mwezi ujao nina upasuaji wa moyo. Lifute."

"Unajua linafutwaje. Umelisimulia kila mahali."

"Aliyetangaza kifo aje," mzee alisema kwa sauti ndogo, "aseme mbele ya watu." Akasogea. "Nitasema la kwako. Turudi ndani sasa hivi, kamera ziko pale, nitasema yote. Wewe useme la kwangu. Tafadhali."

Wairimu alimshika Solomon mkono. Hicho ndicho alichokuwa amekiomba, hicho hasa, kinatolewa bure kwenye maegesho. Hatua chache kurudi ndani, sentensi mbili, na jina lingekuwa lake tena. Solomon alimtazama yule mzee kwa utulivu. Neno alilotaka kusema hakuwa amelitamka tangu Kapsabet.

"Bwana Kiprop yuko kwenye shughuli," akasema. "Akipata nafasi atawasiliana nawe."

Akaingia garini. Chelagat alikuwa ameshafunga mkanda kiti cha nyuma. Wairimu alifunga mlango, akaweka mikono mapajani.

"Angelisema, Solomon. Ungelipata jina lako."

"Yasemwe kwa nani, Wairimu? Wa kuniita hayupo."

Machozi aliyoyanyima njia siku zote yalimshuka mpaka kwenye kola. Aliyaacha. Akarudisha gari nyuma. Kwenye kioo alimwona Ethan Brandvold amefika kwenye mti mmoja mwembamba ukingoni mwa maegesho, ameegemea bakora, anagonga shina kwa kiganja, anagonga, anagonga. Solomon aliangalia kama magari yanakuja, akaingia barabarani.